Neno "Presbiteri" na Benchi la Wazee: Kutoka Thogoto hadi Washington

Sisi tunaoishi Washington na vitongoji vyake, kuanzia Silver Spring na Hyattsville upande wa Maryland hadi Alexandria na Woodbridge upande wa Virginia, hulipita neno hili karibu kila wiki bila kulitazama. Limeandikwa kwenye kibao cha kanisa la New York Avenue, hatua chache tu kutoka Ikulu, ambako Rais Abraham Lincoln alikuwa akilipia benchi la familia yake. Limeandikwa Nebraska Avenue, na limeandikwa tena Barabara ya 15, kwenye kanisa ambalo tutalirudia hapa chini kwa sababu historia yake inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Kwa wengi wetu tuliotoka Kenya neno hilo ni la nyumbani. Tulibatizwa humo, na herufi PCEA tulizisoma kwenye ukuta wa kanisa kabla hatujajua zinasimamia nini. Lakini wenzetu wa Tanzania, waliolelewa na Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana au Wakatoliki, hutuuliza mara kwa mara: hawa Wapresbiteri ni watu gani hasa? Ni dini ya Waskoti? Na wenzetu Waislamu, kwa ustaarabu wao, hawaulizi, lakini tunaona machoni kwamba wangependa kujua. Swali hilo linastahili jibu lililo refu kidogo kuliko lile tunalolitoa tukiwa tumeshika sahani ya pilau kwenye sherehe.

Neno lenyewe ni la Kigiriki. *Presbyteros* ni mzee, mtu aliyetangulia kwa umri na ambaye kwa hiyo anastahili kuketi barazani. Upresbiteri basi haukupewa jina la mtu, kama Ulutheri, wala jina la taifa, kama Uanglikana, wala jina la namna ya kubatiza, kama Wabaptisti. Ni jina la utawala. Maana yake ni kanisa linaloongozwa na wazee waliochaguliwa na waumini wenyewe, wakiketi pamoja na mchungaji, bila askofu juu yao. Mchungaji naye huhesabiwa kuwa mzee, ila yeye ni mzee wa kufundisha, na wale wengine ni wazee wa kutawala. Juu ya baraza la parishi, ambalo Waskoti huliita *kirk session*, kuna baraza la parishi kadhaa pamoja, na hilo ndilo presbiteri. Juu kabisa kuna Mkutano Mkuu. Anayeuongoza huitwa Moderata, naye hushika kiti kwa muda na kisha akakiachia mwingine. Kwa ufupi, kila uamuzi mkubwa hufanywa na watu walioketi pamoja, na hakuna mtu mmoja anayeamka asubuhi akaamua peke yake.

Hapa hatuna budi kutoka njiani kidogo, maana Kiswahili chetu kina utajiri katika jambo hili. Neno kasisi tulilipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kutoka Kisiria, ambako maana yake ya kwanza ni mzee. Sheikh kwa Kiarabu asili yake ni mzee vilevile. Wazungu nao walilichukua lile lile la Kigiriki wakalikata mpaka likawa *priest* kwa Kiingereza na *prêtre* kwa Kifaransa, hata wakasahau kwamba padri wao ni mzee kwa jina. Na ile Seneti iliyoko pale Capitol Hill, ambayo baadhi yetu tunaisafisha usiku na wengine tunaisikiliza kwenye redio tukiendesha teksi, jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Kumbe dunia nzima iliwahi kukubaliana kwamba mambo ya watu yaamuliwe na wazee. Ugomvi ulikuwa na bado uko kwenye swali moja tu: wazee ni akina nani, na nani anawachagua?

Habari za Ulaya tutazipitia haraka. Mwaka 1541, mjini Geneva, John Calvin alitunga kanuni za kanisa zilizowapa wazee nafasi rasmi karibu na wachungaji. John Knox, aliyeishi Geneva kwa muda, aliyapeleka mawazo hayo kwao Uskoti, ambako matengenezo ya kanisa yalipita bungeni mwaka 1560. Wafalme hawakuupenda utaratibu huu, na walikuwa na sababu. Watu wakizoea kumchagua anayewaongoza kanisani, watashindwaje kuuliza ni nani aliyemchagua yule anayewatoza kodi? Damu nyingi ilimwagika Uskoti na Uingereza katika karne ya 17 juu ya jambo hilo hilo. Wapresbiteri wengine walivuka bahari, na mmoja wao, Francis Makemie kutoka Ulster, alifika mwaka 1683 na kuanzisha makanisa kwenye pwani ya mashariki ya Maryland, huko Rehoboth na Snow Hill, safari ya saa chache tu kutoka tunakokaa. Mwaka 1706 yeye na wenzake waliunda presbiteri ya kwanza ya Marekani, mjini Philadelphia. Mwaka uliofuata gavana wa New York alimtia ndani kwa kosa la kuhubiri bila kibali.

Kwetu Afrika Mashariki neno hili liliingia kwa mlango ambao hatuwezi kujivunia. Mwaka 1891 wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ile iliyokuwa ikitafuta faida kutoka Mombasa hadi Uganda, walifadhili misheni ya Kiskoti na kumkabidhi Dkt. James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, aianzishe. Waliweka kambi Kibwezi, Ukambani. Malaria iliwaandama, na mwaka 1898 Thomas Watson aliihamishia misheni kwenye nyanda za juu, katika nchi ya Wakikuyu. Watson alifariki mwaka 1900, lakini mkewe Minnie alibaki akifundisha mpaka 1931. Wenyeji waliwasikia wageni wakijiita Waskoti, wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, na mahali pakaitwa Thogoto. Jina hilo lipo hadi leo, na msafiri anayeshuka hapo kwenye matatu hajui kwamba anataja Uskoti.

Waskoti walipofika waliwakuta watu ambao tayari walitawaliwa na wazee. Wakikuyu walikuwa na *kiama*, baraza la wazee lenye ngazi zake. Mtu alipanda kwa umri, kwa familia yake kukua, na kwa kutoa mbuzi, na mashauri yalisikilizwa mbele ya watu, kila mwenye la kusema akasema. Ukitafuta katika Afrika nzima ni nani angeuelewa Upresbiteri bila kufundishwa, ungeanzia hapo. Tunadhani hili ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika hadithi yote: wageni walikuja na neno lenye maana ya baraza la wazee, wakaliweka mbele ya watu wenye baraza la wazee, na kwa miaka mingi pande zote mbili hazikuona kwamba zinasema jambo moja.

Waliouona utofauti wa neno hili kwa ukali zaidi hawakuwa Waafrika, bali Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Juni 1913 misheni mbalimbali zilikutana Thogoto kutafuta njia ya kushirikiana. Walikuwapo Waskoti, Waanglikana, Wamethodisti, watu wa misheni ya Africa Inland na wengineo. Mwishoni walishiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, askofu Mwanglikana wa Mombasa, William Peel, akiiongoza. Habari zilipofika Zanzibar, askofu wa huko, Frank Weston, aliwaka. Weston hakuwa mtu mdogo. Alikijua Kiswahili vizuri, aliishi karibu na waumini wake, na baadaye alipigana hadharani na serikali juu ya kazi za kulazimishwa za Waafrika. Lakini kwake yeye kanisa lisilo na askofu lilikuwa na kasoro isiyozibika, na kuwapa Wapresbiteri ushirika kulikuwa sawa na kusema kwamba askofu ni pambo tu. Aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury.

Magazeti ya London yalijaa barua, na jina la Kikuyu likawa midomoni mwa watu ambao wasingeweza kulionyesha kwenye ramani. Uamuzi uliotoka mwaka 1915, vita vikiwa vimeanza, haukumtia mtu hatiani wala haukuruhusu ibada kama ile irudiwe. Watu wenye utani walisema jibu maana yake ni kwamba Mungu alifurahishwa sana na ibada ile, ila isifanyike tena. Waafrika waliokuwapo Thogoto siku hiyo hakuna aliyewauliza wao wanaonaje. Hata hivyo ushirikiano ule ulizaa matunda: mwaka 1918 misheni hizo ziliunda muungano, na kutokana nao ikaanzishwa mwaka 1926 Shule ya Upili ya Alliance, ambayo baadhi ya wasomaji wa jarida hili bado hujisifu nayo mpaka tukachoka.

Mwaka huo huo wa 1926 Waskoti waliwawekea mikono wachungaji wa kwanza Waafrika, Musa Gitau akiwa miongoni mwao. Wazee Waafrika walikuwa wameanza kuketi barazani kabla ya hapo. Na baraza hilo lilikuwa na meno. Mwaka 1920 lilimwita kijana mmoja aliyesoma Thogoto na kubatizwa hapo mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Alikuwa ameoa kimila na ilisemekana anakunywa pombe. Alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana na akatakiwa kuiandikisha ndoa yake mbele ya hakimu. Kijana huyo baadaye alijiita Jomo Kenyatta. Sisi hatumcheki wala hatuwalaumu wazee wale. Tunataja tu kwamba rais wa kwanza wa Kenya alionja nguvu ya neno presbiteri kabla ya kuonja nguvu ya jela ya mkoloni.

Kisha ukaja mwaka 1929. Dkt. John Arthur, kiongozi wa misheni, aliamua kwamba hapana tena subira katika suala la kukeketa wasichana. Kama daktari alikuwa ameyaona madhara yake, na katika hilo hatuna ugomvi naye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelipiga marufuku jambo hilo, na wanawake waliolipinga tangu zamani walikuwa na haki. Lakini tazama njia iliyotumika. Waumini na walimu walitakiwa kutia sahihi au kidole gumba kwenye tamko la kulikataa, na pia kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Mambo mawili yakafungwa katika furushi moja, la mwili wa msichana na la siasa ya ardhi. Arthur mwenyewe alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Utendaji la serikali ya koloni, akisema kwa niaba ya Waafrika ambao hawakumchagua. Waliotia kidole waliitwa *kirore*, waliokataa wakaitwa *aregi*. Madarasa yalibaki matupu, ngoma ya *muthirigu* ya kuwakejeli wamisheni ikasambaa vijijini mpaka serikali ikaipiga marufuku mapema mwaka 1930, na waliotoka wakajenga shule zao huru.

Tusiwasahau wazee Waafrika waliosimama upande wa Arthur kwa dhamiri yao. Walitukanwa na majirani na wakavumilia. Lakini jambo zito kama lile, chini ya utaratibu unaojiita utawala wa wazee, lilipaswa kubishaniwa barazani miezi na miaka, mpaka hata aliyeshindwa ajue kwamba alisikilizwa. Badala yake watu waliletewa karatasi na wino. Kila mara tunaposikia kwamba Wakikuyu waliikataa dini mwaka ule, tunaona ni kauli isiyo sahihi. Wengi walianzisha makanisa yao, wakaendelea kusoma Biblia ile ile, wakaketi na wazee wao. Walichokikataa ni amri iliyovaa joho la baraza.

Hata baada ya hapo benchi lilibaki mbili. Waafrika walipata sinodi yao mwaka 1943, iliyoitwa Presbyterian Church of East Africa, na Wazungu wa Kenya wakabaki na presbiteri yao iliyofungamana na Uskoti. Ni mwaka 1956 tu, Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea, ndipo zilipounganishwa na Mkutano Mkuu mmoja ukaundwa. Kwa zaidi ya miaka hamsini tangu Kibwezi, neno lenye maana ya kuketi pamoja lilikuwa halijawaketisha watu pamoja.

Na hapa ndipo tunaporudi Washington, kwenye Barabara ya 15, kwa sababu neno hilo hilo lilifanya jambo hilo hilo katika mji huu. Mwaka 1841 John F. Cook, aliyezaliwa mtumwa na kukombolewa kwa pesa za shangazi yake Alethia Tanner, mwanamke aliyejinunua mwenyewe kwa kuuza mboga, aliongoza kundi la waumini weusi kuanzisha kanisa lao la Kipresbiteri. Cook alikuwa mwalimu, na miaka sita kabla ya hapo alilazimika kuikimbia Washington wakati kundi la Wazungu wenye ghasia liliposhambulia shule na nyumba za watu weusi. Alirudi, akafundisha tena, na mwaka 1843 akawekewa mikono. Mchungaji mwingine wa kanisa hilo, Henry Highland Garnet, alihubiri katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi tarehe 12 Februari 1865, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1870 shule ya sekondari ya watoto weusi ilianza katika chumba cha chini cha kanisa hilo, ile ambayo baadaye ikawa Dunbar maarufu. Sisi ambao madarasa yetu ya Kiswahili ya Jumamosi hufanyika kwenye vyumba vya chini vya kuazima, tungefanya vema kuwasimulia watoto wetu habari hiyo.

Mtu wa kanisa hilo tunayempenda zaidi ni Francis Grimké, aliyezaliwa utumwani Charleston mwaka 1850 na kulichunga kanisa hilo kwa vipindi viwili, cha pili kikianzia 1889 mpaka 1928. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanisa lake lilitaka kuungana na Wapresbiteri wa Cumberland wa kusini, na sehemu ya makubaliano ilikuwa kuruhusu presbiteri zitenganishwe kwa rangi. Grimké alipinga kwa maneno na kwa maandishi. Hakuwa akidai heshima ya mtu mweusi peke yake. Alikuwa akilidai neno lenyewe: presbiteri ya rangi moja iliyotengwa na ndugu zake wa jirani si presbiteri, ni ukuta. Alishindwa, na muungano ukapita mwaka 1906. Wapresbiteri wa kaskazini na wa kusini, waliogawanyika tangu vita vya 1861, hawakuungana mpaka mwaka 1983. Kwa hesabu hiyo Kenya ya mkoloni iliitangulia Marekani kwa miaka 27.

Tukiendelea na hesabu, mtu aliyelisema jambo hili kwa sauti kuliko wote alikuja kulisema huku huku Marekani. Mwezi Oktoba 1971 John Gatu, Katibu Mkuu wa PCEA tangu 1964, alialikwa Milwaukee kuzungumza kwenye mkutano wa misheni. Wenyeji walitarajia shukrani na orodha ya mahitaji. Gatu aliwaomba waondoe wamisionari wao na waache kutuma, kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Ukumbi ulishtuka. Wengine walimwona hana shukrani, na hata Afrika walikuwapo waliouliza mishahara itatoka wapi. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, uliofanyika Lusaka, uliliunga mkono wazo hilo. Sisi tunaona hakusema jambo geni. Baraza ambalo bajeti yake inaamuliwa Edinburgh au New York lina wazee kwa jina tu.

Na utaratibu huu una tabia ya kutoishia kanisani. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alihubiri Nairobi akiuliza ni lini tawala za chama kimoja zitaanguka Afrika kama zilivyokuwa zikianguka Ulaya Mashariki. Serikali ilighadhibika. Makemie angemwelewa.

Limebaki suala la nani anaitwa mzee. Kiswahili hakina jinsia ya kiume na ya kike, na mzee anaweza kuwa mwanamke, lakini tukisema "wazee wamekaa" sote tunaona suruali. Wapresbiteri wa kaskazini mwa Marekani waliruhusu wanawake kuwa wazee wa kanisa mwaka 1930, na mchungaji wa kwanza mwanamke akawekewa mikono mwaka 1956. PCEA ilimwekea mikono Nyambura Njoroge mwaka 1982. Huku kwetu, katika vikundi vinavyosali mchana baada ya wenyeji kumaliza ibada zao, akina mama ndio wenye funguo, ndio wanaojua nani amelazwa hospitali na nani kafukuzwa kazi, na michango ya msiba ikihitajika hesabu iko kwenye daftari lao. Kuna mahali wamechaguliwa, na kuna mahali bado wanapika chai wakati wengine wanaamua.

Na kuna jambo dogo la kikanuni ambalo huwaumiza ndugu zetu wengi kimyakimya. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa kwao Nyeri au Chogoria kwa miaka ishirini, akifika Maryland na kujiunga na kanisa la Kipresbiteri la Marekani, hawi mjumbe wa baraza kwa sababu hiyo. Uzee wake haufutwi, maana ukishawekewa mikono umewekewa kwa maisha yote. Lakini kuketi barazani ni mpaka waumini wa hapa wamchague, baada ya kumwona na kumjua. Akichaguliwa atatumikia miaka mitatu, anaweza kuongezewa hadi sita mfululizo, kisha atashuka na kukaa angalau mwaka mmoja pamoja na wengine kwenye mabenchi ya kawaida, huku kijana wa miaka 19 aliyezaliwa Rockville akipiga kura upande wa pili wa meza.